Maswali ya Wasomaji: Nzi Mwenye Y Anawezaje Kuwa Jike?

Barua nne tulizozipokea katika wiki za karibuni zinahusu jambo moja, nalo ni jinsi kromosomu, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba jeni za urithi, zinavyoamua jinsia ya nzi wa matunda. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la barua ya kwanza linahitajika ili majibu ya nyingine yaeleweke.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha nne kwamba kromosomu mbili za X humfanya kiumbe awe wa kike, na kwamba X moja pamoja na Y humfanya awe wa kiume. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja alisimama darasani akasema kuwa nzi wa matunda mwenye XXY ni jike, tena huzaa. Nilimwambia kuwa amechanganya mambo, kwa kuwa binadamu mwenye XXY ni mwanamume. Tangu siku hiyo sina raha, maana mwanafunzi huyo si wa kuropoka. Naomba mnieleze nani kati yetu yuko sahihi, na kama ni yeye, ni nini basi kinachoamua jinsia ya nzi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mwanafunzi wako amesema kweli, na ulilomjibu kuhusu binadamu nalo ni kweli. Kosa limeingia pale kanuni ya binadamu ilipopelekwa kwa nzi. Ukiwatazama kwa juu juu, viumbe hawa wawili wanafanana: jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja, mayai ya mama yote hubeba X, na mbegu za baba nusu hubeba X na nusu hubeba Y, ndiyo maana watoto hutoka karibu nusu kwa nusu. Lakini XX na XY peke yake haziwezi kutuambia ni kipi kinachofanya kazi, kwa sababu dume na jike wanatofautiana katika mambo mawili kwa wakati mmoja: dume ana Y ambayo jike hana, na jike ana X ya pili ambayo dume hana. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili linaloamua, ni lazima apatikane kiumbe ambaye hesabu yake imekwenda kombo, yaani mwenye X mbili pamoja na Y, au mwenye X moja bila Y.

Kwa binadamu, kromosomu za watu wa namna hiyo zilitambuliwa kwa darubini mwaka 1959. Mwenye XXY alikuwa mwanamume, na mwenye X moja bila Y alikuwa mwanamke. Hapo ikawa wazi kwamba kwetu sisi Y ndiyo inayoamua, na mwaka 1990 jeni yenyewe iliyomo ndani ya Y, iitwayo SRY, ikatambuliwa. Kwa nzi wa matunda majibu ni kinyume kabisa: mwenye XXY ni jike anayezaa, na mwenye X moja bila Y ni dume, ingawa ni tasa. Jambo hili la nzi lilikwisha kujulikana zaidi ya miaka 40 kabla ya lile la binadamu, na namna lilivyogunduliwa inafaa kusimuliwa darasani, kwa kuwa vifaa vilivyotumika vilikuwa chupa za maziwa, ndizi, lenzi na uvumilivu wa kuhesabu.

Nzi tunayemzungumzia ni Drosophila melanogaster, yule mdogo wa milimita mbili au tatu, mwenye macho mekundu, anayezuka jikoni ndizi zikiiva kupita kiasi. Asili yake ni kusini mwa bara letu, ambako huko porini hupatikana kwenye matunda ya mng'ongo, na kutoka huko amesambaa karibu dunia nzima kwa kufuata chakula cha watu. Ana jozi nne tu za kromosomu: jozi ya jinsia, jozi mbili kubwa ambazo huitwa ya pili na ya tatu, na ya nne ambayo ni ndogo kama nukta. Yai lake huwa nzi kamili kwa siku kama 10 joto likiwa nyuzi 25 za Selisiasi, kwa hiyo anayemfuga huona vizazi vingi katika muda ambao mfugaji wa mbuzi hajaona hata kimoja.

Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alimpata dume mmoja mwenye macho meupe miongoni mwa nzi wake. Alimpandisha na majike wenye macho mekundu, kisha akawapandisha watoto wao kwa wao. Katika kizazi hicho cha pili alihesabu majike 2,459 wenye macho mekundu, madume 1,011 wenye macho mekundu na madume 782 wenye macho meupe, na jike mwenye macho meupe hakuonekana hata mmoja. Maelezo yaliyosimama ni kwamba jeni ya rangi hiyo ya macho inakaa juu ya X. Dume ana X moja tu, hivyo akiipokea X yenye kasoro hana nyingine ya kuifunika. Tangu hapo rangi ya macho ikawa alama ya kufuatia njia ya X kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, kama vile mfugaji anavyomjua ng'ombe wake kwa chapa.

Aliyeitumia alama hiyo kwa jambo letu ni mwanafunzi wa Morgan, Calvin Bridges, ambaye aliajiriwa kwanza katika maabara hiyo kuosha chupa. Bridges aliwapandisha majike wenye macho meupe na madume wenye macho mekundu. Kwa kanuni, kila binti hupokea X moja ya baba, hivyo huwa na macho mekundu, na kila mtoto wa kiume hupokea X ya mama peke yake, hivyo huwa na macho meupe. Ndivyo walivyotoka karibu wote. Ila takriban mmoja katika kila 2,000 alitoka kinyume: ama binti mwenye macho meupe kama mama yake, ama dume mwenye macho mekundu kama baba yake.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba chupa zilichanganyika. Bridges alijiuliza badala yake ni yai la namna gani lingeweza kuwatoa nzi hao, akaona kuwa kuna jibu moja linaloeleza yote mawili. Wakati yai linapotengenezwa, X mbili za mama hutakiwa kuachana ili moja iende kwenye yai na nyingine itupwe. Mara chache sana hazikuachana, na hapo yai likapata zote mbili au likakosa kabisa. Yai lenye X mbili za mama likirutubishwa na mbegu yenye Y, anatoka nzi wa XXY ambaye X zake zote ni za mama, kwa hiyo macho yake ni meupe. Yai lisilo na X likirutubishwa na mbegu yenye X, anatoka nzi mwenye X moja ya baba na hana Y, kwa hiyo macho yake ni mekundu. Bridges hakuishia kwenye hoja; alizitazama kwa darubini seli za mabinti wale wa macho meupe na kuona X mbili pamoja na Y, kama alivyotabiri. Madume wale wa macho mekundu walikuwa hawazai. Makala yake kamili ilitoka mwaka 1916 katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Genetics, na kwa wengi ndiyo iliyoondoa shaka kwamba jeni zimo ndani ya kromosomu.

Sasa tazama nzi hao wanasema nini kuhusu jinsia. Wa kwanza ana Y, naye ni jike. Wa pili hana Y, naye ni dume. Basi Y haina kauli katika jambo hili, na kinachobaki ni idadi ya X: mbili hutoa jike, moja hutoa dume.

Hata hivyo, hesabu ya X nayo ilipata mtihani. Mwaka 1921 Bridges alieleza habari za nzi waliokuwa na seti tatu za kromosomu badala ya mbili, yaani kila kromosomu isiyo ya jinsia ilikuwa tatu tatu badala ya mbili mbili. Wenye X tatu na seti tatu walikuwa majike. Lakini wenye X mbili na seti tatu hawakuwa majike kamili ingawa walikuwa na X mbili. Walikuwa huntha, yaani wenye viungo vya dume na vya jike vikiwa vimechanganyika katika mwili mmoja. Kutokana na hapo akaweka kanuni ya uwiano, ambayo mpaka leo iko katika vitabu vya kiada: gawanya idadi ya X kwa idadi ya seti za kromosomu zisizo za jinsia. Ikitoka 1, nzi ni jike; ikitoka 0.5, ni dume. Ikiangukia katikati, kama 0.67 ya hao wenye X mbili na seti tatu, ni huntha. Mwenye X tatu na seti mbili, ambaye uwiano wake ni 1.5, huwa jike dhaifu ambaye mara nyingi hufa kabla ya kukomaa, na mwenye X moja na seti tatu huwa dume dhaifu asiyezaa. Kanuni hii inatabiri vizuri, nami sioni ubaya ukiifundisha, mradi usiwaambie wanafunzi kwamba seli inafanya hesabu ya kugawanya. Seli haigawanyi.

Kinachotokea hasa ni hiki. Katika saa mbili hadi tatu za mwanzo baada ya yai kutagwa, kiinitete cha nzi hakijawa na seli zilizotengana. Kuna viini vingi ndani ya mfuko mmoja, na viini hivyo hugawanyika haraka haraka mara 13 kabla ya tando za seli kujengwa. Katika muda huo mfupi jeni kadhaa zilizo juu ya X huanza kutengeneza protini zao. Protini hizo zikifikia kiwango fulani kabla muda haujapita, huiwasha jeni moja iitwayo Sxl. Fikiria ndoo inayotakiwa kujaa kabla maji ya mgao hayajakatwa: mabomba mawili yanaijaza, bomba moja haliwezi. Kiinitete chenye X mbili huvuka kiwango na Sxl ikawaka. Chenye X moja hakivuki, na Sxl hubaki imezimika.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba uamuzi huo hufanyika mara moja tu, kisha hukumbukwa maisha yote. Baada ya muda ule wa mwanzo, madume na majike wote wawili huanza kutoa nakala za RNA za jeni ya Sxl, yaani ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye jeni ili protini itengenezwe, kwa njia nyingine, lakini nakala hizo zina kipande kinachokatisha utengenezaji wa protini katikati. Katika jike, protini ya Sxl iliyokwisha kutengenezwa mapema hukiondoa kipande hicho na kuunganisha sehemu zilizobaki, kwa hiyo protini zaidi hutengenezwa, nayo huendelea kukiondoa kipande hicho katika nakala zinazofuata. Katika dume hapakuwa na protini ya kuanzia, hivyo kipande hubaki na protini kamili haitoki kamwe. Sxl kwa namna hiyo hiyo hurekebisha nakala za jeni iitwayo tra, na tra hurekebisha nakala za dsx, ambayo ina protini ya aina mbili: moja huelekeza mwili kujengeka kijike, na nyingine kidume. Alfred Sturtevant, mwenzake Bridges tangu siku za Columbia, alieleza mwaka 1945 kwamba nzi mwenye XX ambaye jeni yake ya tra imeharibika katika nakala zote mbili hutokea na umbo la dume, lakini ni tasa. X zake ni mbili kama za mama yake. Kiungo kimoja cha katikati ya mnyororo ndicho kilichokatika.

Unaweza kuuliza basi wale huntha wenye seti tatu wanaelezwaje, ikiwa seli inapima X tu. Mwaka 2007 James Erickson na Jerome Quintero, watafiti wa huko Texas, walionyesha kwamba siri iko katika ule muda. Viinitete vyenye seti tatu hujenga tando za seli mapema, vikiwa vimepunguza mgawanyiko mmoja, kwa hiyo X mbili hazipati nafasi ya kutosha, na baadhi ya seli huvuka kiwango huku nyingine zikishindwa. Viinitete vyenye seti moja hufanya kinyume: huongeza mgawanyiko mmoja, kwa hiyo hata X moja hupata muda wa kuvuka, na tishu zake huwa za kijike. Uwiano wa Bridges ulikuwa umetabiri sawasawa katika hali zote mbili, lakini seti nyingine za kromosomu hazihesabiwi moja kwa moja. Zinabadilisha tu urefu wa muda ambao X zinapimwa.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi dume na jike, weka kipande cha ndizi iliyoiva katika chupa ya kioo, acha nzi waingie, kisha ziba mdomo kwa pamba. Kwa lenzi utaona jike ni mkubwa kidogo na ncha ya tumbo lake imechongoka, ilhali ncha ya tumbo la dume ni ya mviringo na nyeusi. Alama isiyodanganya ni kichana kidogo cha nywele nene nyeusi kwenye miguu ya mbele, ambacho dume peke yake anacho. Jike wa XXY hutamtambua kwa sura, maana hana tofauti na wenzake.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi. Nimeelewa kwamba Y haimfanyi nzi awe dume. Kama ni hivyo, Y ina kazi gani? Na tena, dume ana X moja ambapo jike ana mbili. Je, hapungukiwi na nusu ya vitu vinavyotengenezwa na jeni za X?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kazi ya Y imekwisha kudokezwa na wale madume wa Bridges wasiozaa. Dume asiye na Y ana mwili wa kidume, humfuata jike na kumchumbia kama kawaida, ila mbegu zake hazikamiliki wala haziogelei. Kwenye Y kuna maeneo sita yanayojulikana kuwa ya lazima kwa uzazi wa dume, na baadhi ya jeni zilizomo hutengeneza protini kubwa za injini inayousukuma mkia wa mbegu. Si kazi ndogo hiyo, kwa kuwa mbegu ya nzi huyu mdogo ina urefu wa karibu milimita 2, yaani inakaribia urefu wa mwili wake mwenyewe, wakati mbegu ya mwanadamu ni kama sehemu ya ishirini ya milimita. Kwa ufupi, Y haiamui nani awe dume, bali humwezesha aliyekwisha kuwa dume kuwa baba. Nje ya hayo ina jeni chache sana, na sehemu yake kubwa ni DNA inayojirudia rudia.

Swali lako la pili ni zuri sana, na wataalamu walilishughulikia kwa miaka mingi. X ya nzi ina jeni zaidi ya 2,000, na nyingi hazihusiani na jinsia hata kidogo, kwa hiyo dume anazihitaji sawa na jike. Dawa yake ni kwamba ndani ya seli za dume, kundi la protini na RNA liitwalo MSL huishika X yake na kuifanya itoe nakala karibu maradufu. X moja hufanya kazi ya mbili. Katika jike, ni Sxl ile ile inayozuia mojawapo ya protini za kundi hilo isitengenezwe, hivyo X zake mbili hubaki katika mwendo wa kawaida. Sisi binadamu tumefika mahali hapo hapo kwa njia ya kinyume: mwanamke huzimisha sehemu kubwa ya X yake moja katika kila seli, na mwanamume huiacha ya kwake kama ilivyo.

Hapa utaona pia kwa nini Sxl ikiharibika katika kiinitete cha XX hatokei dume, bali kiinitete hufa. X zote mbili huanza kufanya kazi maradufu, na seli hailihimili hilo.

SWALI: Niliwahi kuona picha ya nzi ambaye upande mmoja una jicho jekundu na upande wa pili jicho jeupe, na maelezo yakasema kwamba nusu yake ni jike na nusu ni dume. Je, ni picha ya kweli? Ana tofauti gani na wale mnaowaita huntha?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Nzi wa namna hiyo wapo kweli, na Morgan na Bridges waliandika juu yao kwa kirefu mwaka 1919. Nzi huyo huanza maisha yake kama jike mwenye X mbili, moja ikiwa na jeni ya macho mekundu na nyingine ya macho meupe. Katika mgawanyiko wa kwanza kabisa, X yenye wekundu hupotea kutoka kiini kimoja kati ya viwili. Kiini kilichobaki na X mbili huzaa seli za kijike zenye jicho jekundu. Kilichobaki na X moja huzaa seli za kidume, na kwa kuwa X iliyosalia ni ile ya weupe, jicho la upande huo huwa jeupe. X ikipotea baadaye, sehemu ya kidume huwa ndogo zaidi, pengine mguu mmoja tu wenye kichana. Mpaka kati ya pande mbili si lazima ukate mwili katikati kwa urefu; unaweza kupita popote.

Tofauti yake na huntha wa seti tatu ni kwamba katika huntha seli zote zina kromosomu zile zile, ila kila moja imeamua kivyake kwa sababu kipimo kilikuwa kwenye ukingo. Katika nzi huyu wa pande mbili, kromosomu zenyewe ndizo zinazotofautiana kati ya upande na upande.

Jambo hili haliwezekani kwetu kwa ukamilifu namna ile, kwa sababu ndani ya binadamu SRY huamua korodani ziumbike, kisha homoni zinazotoka humo husambaa kwa damu na kuuelekeza mwili mzima. Kwa nzi, kila seli husoma X zake yenyewe na kutii ilichosoma, hata kama jirani yake anatii kingine. Watafiti walilitumia hilo kwa ustadi. Mwaka 1976 Yoshiki Hotta na Seymour Benzer waliwatumia nzi wa mchanganyiko huo kutafuta ni sehemu gani ya mwili inayotakiwa kuwa ya kidume ili nzi amfuate jike na kumtikisia bawa, wakaonyesha kuwa ni sehemu ya ubongo. Nzi mwenye ubongo wa kidume mahali hapo huchumbia, hata kama sehemu kubwa ya mwili wake uliobaki ni ya kijike.

SWALI: Ninalima maembe. Kila msimu nzi wa matunda hunitobolea maembe na kuyajaza funza. Je, mambo haya ya X na Y yanawahusu hao pia? Na kama yanawahusu, yanaweza kunisaidia?
Mkulima, Mkuranga

JIBU: Ndugu mkulima, barua yako inatupa nafasi ya kuondoa mkanganyiko wa jina. Kiswahili kinawaita wote nzi wa matunda, lakini anayekutia hasara si yule wa kwenye ndizi zilizooza. Drosophila tuliyemweleza hutaga kwenye tunda lililokwisha kuchacha, na chakula chake hasa ni hamira iliyomo. Anayetoboa embe zima mtini ni wa familia nyingine. Yumo yule aliyetokea Asia, Bactrocera dorsalis, ambaye alionekana kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi katika nchi nyingi za Afrika, na yumo Ceratitis capitata, mwenyeji wa bara hili, ambaye hushambulia hata buni za kahawa. Nzi hawa ni wakubwa zaidi, wengi wao mabawa yao yana michoro, na jike ana kitu kama sindano nyuma ya tumbo anachotumia kuchoma ganda na kutaga ndani.

Nao pia majike wao wana XX na madume XY. Lakini ukiuliza kipi kinachoamua, jibu lao ni la binadamu, si la Drosophila. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba Y yao ina jeni ndogo, iliyopewa jina MoY, ambayo huizima tra katika kiinitete na kukielekeza kwenye udume. Bila jeni hiyo, tra hujiendeleza yenyewe tangu ilivyoachwa na mama ndani ya yai, na kiinitete huwa jike. Sehemu ya chini ya mnyororo, yaani tra na dsx, ni ile ile ya Drosophila, ila kilichoko juu kinachotoa amri kimebadilika. Kwa hiyo mwalimu wa Morogoro angekuwa sahihi kama mwanafunzi wake angekuwa anamzungumzia nzi wa maembe.

Kuhusu msaada, upo, na mfano wake ni huyo Ceratitis. Njia moja ya kumpunguza ni kufuga nzi wengi kiwandani, kuwafanya madume wawe tasa kwa mionzi, kisha kuwaachia mashambani ili majike wa porini wapandishwe na madume hao na mayai yao yasianguliwe. Shida ilikuwa majike wa kiwandani, kwa kuwa hata jike tasa huchoma tunda, na tena huwashughulisha madume tasa ambao walitakiwa kuwafuata majike wa porini. Wataalamu walipata ukoo wa nzi wenye jeni dhaifu kwa joto, kisha wakahamisha nakala isiyo na kasoro ya jeni hiyo na kuiunganisha kwenye Y. Kwa kuwa Y huenda kwa madume peke yao, madume wote wanalindwa na majike wote hawana kinga. Kinachofanyika kiwandani ni kuyaweka mayai katika joto la nyuzi 34 kwa muda wa siku moja: ya majike hufa, na yanayoanguliwa ni ya madume watupu.